Rais Mpya na Bei ya Unga: Mkono wa Ikulu Unafika Wapi Jikoni?

Saa moja asubuhi pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, magunia ya dagaa yanakuwa yameshafunguliwa na harufu imeshafika barabarani. Mama ninayenunua kwake miaka yote anapima kwa sado. Anajaza, anaitikisa mara mbili ili dagaa wakae, anajaza tena mpaka ifanye kilele, halafu anatupia konzi moja ya nyongeza. Siku hiyo konzi haikuja. Nilibaki nimeshika mfuko wazi, naye akaelewa nilichokuwa nangoja.

"Mwanangu, nyongeza imeondoka na bei ya petroli. Akija rais mwingine labda itarudi."

Mzee mmoja mbeba mizigo alikuwa anapita na gunia begani, akadakia bila kusimama: "Aje huyu, aje yule, sado ni ile ile."

Maneno ya namna hiyo nimeyasikia Mwanza kila zamu ya Ikulu ilipobadilika. Niliyasikia 2005, nikayasikia 2015 kwa sauti kubwa zaidi maana mgombea alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, nikayasikia tena Machi 2021 katikati ya msiba. Ndugu zetu wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili, waliyasema 2022. Wapo wanaoamini rais akitaka bei zinashuka kesho, na wapo wanaoamini rais hana lolote la kubadilisha. Imani zote mbili zinatugharimu. Wa kwanza anakaa kusubiri, wa pili anaacha kudai, na sufuria linabaki vile vile. Kwa hiyo nitajaribu kufumbua fundo hili taratibu, nikianzia kwenye maneno yenyewe, kwa sababu nusu ya mabishano yetu vijiweni inatokana na kutumia neno moja kwa mambo matatu.

Maji kwenye sebule

Bei ni kiasi unacholipa leo. Mfumuko wa bei ni kasi ambayo bei inapanda ukilinganisha na mwaka jana wakati kama huu. Ugumu wa maisha ni kitu kipana kuliko hivyo viwili, kwa sababu kina mfuko wako ndani yake: unaingiza kiasi gani, unaingiza lini, na una watu wangapi wa kulisha.

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatangaza mfumuko wa bei, na kwa miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka kwenye asilimia 3. Mtangazaji wa redio akisema "mfumuko wa bei umeshuka", kwenye daladala watu wanaguna. Wanahisi wametukanwa. Asubuhi hiyo hiyo wamenunua mchele, na haukushuka.

Waliojenga karibu na mwambao wanaweza kulielewa hili kuliko mchumi yeyote. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko watu wengi walivyowahi kuona, na 2024 likapanda tena hivyo. Maji yaliingia kwenye nyumba, kwenye vyoo, kwenye mialo. Sasa fikiria mtu aje akwambie: "Habari njema, ziwa limepunguza kasi ya kupanda." Ni kweli, tena ni habari ya maana, kwa sababu lingeendelea kwa kasi ile ile lingefika dirishani. Lakini maji bado yako sebuleni. Mfumuko ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei bado inapanda, ila polepole. Kilichonunuliwa kwa shilingi 10,000 mwaka jana kinakuwa 10,300 badala ya 10,500. Hakuna aliyeahidi kurudi kwenye 8,000 ya zamani, hata kama hotuba ilisikika hivyo masikioni mwetu.

Kuna tatizo la pili ndani ya takwimu hiyo. Ili kupima bei za nchi nzima, wataalamu wanatengeneza kapu moja la mfano: chakula, nauli, pango, nguo, simu, mahoteli, na kila kitu kinapewa uzito wake. Kwenye kapu linalotumika sasa, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28 na kidogo. Sasa chukua nyumba ya Igoma au Buhongwa inayoingiza shilingi 300,000 kwa mwezi na kutumia 180,000 kwa chakula. Hapo chakula ni asilimia 60. Chakula kikipanda kwa asilimia 10 na vingine vyote vikibaki palepale, kapu la taifa linasoma ongezeko la karibu asilimia 2.8. Kapu la nyumba ile linasoma 6. Ni shilingi 18,000 zaidi kila mwezi, na lazima zitoke mahali fulani, mara nyingi kwenye ada au kwenye dawa. Takwimu haijadanganya, wala mama anayelia hajatia chumvi, ila makapu yao hayafanani. Ninatamani sana watangazaji wetu wangelieleza hili kila mwezi, lingepunguza hasira nyingi zisizo na mahali pa kwenda.

Vyuma vilipokaza

Mwaka 2016 na 2017 mitaa yote ilikuwa na msemo mmoja: vyuma vimekaza. Ukimdai mtu, vyuma vimekaza. Ukimbembeleza fundi akupunguzie, vyuma vimekaza. Wageni waliosoma takwimu walishangaa, maana mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 5 tu, si wa kutisha. Bei hazikuwa zimeruka. Pesa ndiyo ilikuwa haionekani.

Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na tukiuchanganya na wa kwanza tunadai dawa isiyohusika. Rais John Magufuli aliapishwa Novemba 5, 2015. Ndani ya wiki chache sherehe za Uhuru za Desemba 9 zilifutwa, siku ikawa ya usafi, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa sherehe zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Safari za nje zikabanwa, semina za hotelini zikabanwa, watumishi hewa wakaondolewa kwenye orodha ya mishahara. Mapema 2016 taasisi za umma zikaagizwa kuhamishia fedha zao Benki Kuu kutoka benki za biashara.

Wengi tulishangilia, nami nilikuwa mmojawao, na sehemu kubwa ya hatua hizo ilistahili. Lakini fuata pesa ya semina mpaka mwisho wake. Hoteli iliyopokea wajumbe 80 ilinunua samaki. Mwenye samaki alilipa bodaboda. Bodaboda alikula kwa mama lishe, na mama lishe alinunua mkaa na nyanya. Pesa ya serikali ilipotoka kwenye benki za kawaida, benki nazo zikawa na kidogo cha kukopesha, na mikopo kwa wafanyabiashara ikapungua kasi sana. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kukanyaga semina maishani alijikuta na wateja nusu. Mazao yalikuwepo sokoni na bei haikuwa mbaya, ila mnunuzi alikuwa anapita anaangalia tu.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu ndipo mkono wa rais unapoonekana wazi kuliko popote. Mzunguko wa pesa anaweza kuugusa ndani ya miezi: kwa kulipa au kutowalipa wakandarasi na wazabuni, kwa kupandisha mishahara, kwa kuajiri, kwa kubana au kulegeza matumizi. Bei ya bidhaa sokoni ni ngumu zaidi kwake. Akija rais mpya, swali la kwanza la kumuuliza ni ugonjwa upi kati ya hii miwili anaahidi kuutibu. Wagombea wengi hujibu "yote", na sisi tunapiga makofi.

Vitu vilivyo nje ya mkono wake

Turudi kwenye sado ya dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawavuta juu, nyavu inawakusanya. Mwezi ukiwa mpevu, anga lote ni taa, dagaa hawaji, na wavuvi wengi wanapumzika. Ndiyo maana kwenye siku za mbalamwezi mzigo unapungua na bei inapanda, kisha giza likirudi inashuka. Ukinunua dagaa kwa mwaka mzima bila kuangalia anga, utadhani kuna mtu anakuchezea.

Petroli ina hadithi ndefu zaidi. Boti zinazoleta mzigo kutoka Ukerewe na visiwa vingine zinatumia injini za kupachika, na injini hazijui siasa. Mafuta hayo yanaagizwa kwa pamoja kutoka nje, yanashushwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, kisha yanasafirishwa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, inatangaza bei kikomo kwa kila mji, na Mwanza siku zote tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara katikati. Ndani ya lita moja kuna bei ya soko la dunia, gharama za meli na bandari, kodi na tozo za serikali, faida ya wauzaji na usafiri. Vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000 hapa kwetu bila mtu yeyote Dodoma kuamua.

Mwaka huo huo mafuta ya kula nayo yalipanda mpaka mama wa vitumbua na mandazi wakaanza kukaanga vidogo. Sehemu kubwa ya mafuta tunayokaangia ni mawese yanayoagizwa, na Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Aprili 28, 2022 serikali ya Rais Joko Widodo ilizuia mawese yake kwenda nje ili kulinda jikoni za watu wake, na ilifungua tena Mei 23. Kwa wiki zile rais aliyegusa kitumbua cha Mabatini alikuwa anakaa Jakarta.

Sangara ndiyo mfano wa zamani zaidi. Minofu yake inauzwa Ulaya, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, viwanda vya Mwanza vilipata pigo na mvuvi akaliona kwenye mizani siku hiyo hiyo.

Sasa mkono wake

Rais wa Tanzania ana nguvu kubwa, lakini hapangi kodi peke yake. Ibara ya 138 ya Katiba ya 1977 inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Serikali inaandaa, Waziri wa Fedha anasoma Juni, wabunge wanapitisha, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1.

Angalia maana ya kalenda hiyo. Sisi tunapiga kura Oktoba. Rais mpya anaapishwa Novemba na kukuta bajeti ya mtangulizi wake iko jikoni inachemka, nayo itaendelea mpaka Juni 30. Anaweza kuchota hapa na kumimina pale, kama ile bilioni 4 ya sherehe, lakini sufuria la kwanza alilolipika mwenyewe linaepuliwa Julai, miezi minane baadaye. Kumpima kwa bei ya Krismasi ya kwanza ni kumpima kwa chakula cha mtu mwingine. Kumsamehe baada ya Julai ya pili ni kosa la upande wa pili, na tunalifanya mara nyingi kuliko lile la kwanza.

Mfano ulionifundisha zaidi ni tozo za miamala ya simu. Bunge lilizipitisha Juni 2021, zikaanza Julai 15. Kila mtu aliyetuma pesa nyumbani Sengerema au Magu aliziona kwenye ujumbe wa simu, zikiwa zimeandikwa peke yake, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Watu walilalamika kila mahali, misikitini, makanisani, kwenye vikundi. Rais Samia Suluhu Hassan aliwaagiza mawaziri wake wazitazame upya, na Septemba kiwango kikapunguzwa kwa asilimia 30. Miezi miwili haikuwa imetimia. Rais alisukuma, lakini alisukuma kwa sababu alisukumwa. Aliyesema "sado ni ile ile" na akanyamaza hakuchangia chochote katika asilimia 30 ile.

Linganisha na shilingi 100 iliyoongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli kuanzia Julai 2023. Hiyo nayo ilipita Bungeni, lakini haikuandikwa kwenye simu ya mtu. Ilijificha ndani ya nauli, ndani ya lori la mahindi kutoka Rukwa, ndani ya sado. Kelele zikawa chache. Tozo inayoonekana inapiganiwa, isiyoonekana inalipwa.

Ruzuku ni neno lingine linalotajwa sana: serikali inalipa sehemu ya bei ili wewe ulipe pungufu. Mei 2022 Rais Samia alitangaza shilingi bilioni 100 kwa mwezi uliofuata ili kupoza bei ya mafuta. Tulipumua kidogo. Bilioni hizo zilitoka kwenye mfuko ule ule wa Hazina unaolipa walimu na madawati, kwa hiyo swali la haki juu ya ruzuku ni kitu gani kimesubirishwa ili iwepo, na inaisha lini.

Wakenya walilipitia hili kwa uchungu. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uhuru Kenyatta iliweka ruzuku ili pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe shilingi 100 za Kenya, chini ya nusu ya bei yake. William Ruto, aliyeingia kwa ahadi ya kumjali mtu wa chini, aliapishwa Septemba 13, akakataa kuendeleza ruzuku ya unga, na ya petroli akaiondoa mara moja. Badala yake aliweka ruzuku ya mbolea, mfuko wa kilo 50 ukashuka kutoka 6,500 hadi 3,500. Hoja yake ilikuwa na mantiki: mkulima akivuna zaidi, unga utashuka bila serikali kuulipia kila siku. Lakini mbolea inahitaji msimu mzima, na mtoto anakula jioni. Tangu hapo matumaini ya wengi yakaanza kuchacha, na kodi mpya zilipopendekezwa 2024 vijana wakajaa barabarani, maisha yakapotea, na mnamo Juni 26 rais akatangaza hatasaini muswada ule. Sisi pia tulianza ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23. Naiunga mkono. Ila mtu akiniambia unga utashuka wiki ijayo kwa sababu ya mbolea, namwomba atazame kalenda ya mvua kwanza.

Mishahara ni eneo ambalo rais anasikika moja kwa moja. Mei Mosi 2025, pale Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, ongezeko la asilimia 35.1. Hapa pia kuna mkanganyiko. Mwaka 2022 ilipotangazwa asilimia 23.3, walimu na wauguzi wengi walipiga hesabu ya 23.3 kwenye mishahara yao, na Julai walipoona nyongeza ndogo walihisi wameibiwa. Asilimia ile ilihusu kima cha chini, ngazi za juu zilipata pungufu. Na mama wa dagaa hayumo kabisa, kwa sababu hana mwajiri. Yeye anafaidika kwa mzunguko: mwalimu akiongezwa, ananunua sado mbili.

Kuna kazi za rais zinazochelewa kufika jikoni lakini zikifika zinakaa. Daraja la Kigongo–Busisi lilianza wakati wa Magufuli, jiwe la msingi likiwekwa 2019, na likazinduliwa Juni 19, 2025 na Rais Samia. Kilomita 3 za daraja mahali ambapo malori ya ndizi na ng'ombe yalikuwa yanapanga foleni ya kivuko kwa masaa. Lori linalosubiri linakula mafuta na ndizi zinaiva njiani. Hiyo ilikuwa bei tuliyokuwa tunailipa bila kuijua, na kuiondoa kumechukua marais wawili.

Kwa nini wasichapishe noti?

Swali hili linaulizwa na watu wenye akili zao timamu, kwa hiyo lijibiwe kwa heshima. Tuseme leo dagaa waliofika Kirumba ni magunia 500, na usiku wa kuamkia leo kila mtu ameongezewa pesa mara mbili. Magunia bado ni 500. Wanunuzi watashindana, na jioni bei itakuwa mara mbili. Hakuna aliyeongeza dagaa hata mmoja, ila aliyekuwa na akiba chini ya godoro ameipoteza nusu. Zimbabwe ilikwenda njia hiyo mpaka mwaka 2009 ikatoa noti ya dola zao trilioni 100.

Ndiyo maana kazi ya noti iko Benki Kuu. Gavana anateuliwa na rais, lakini riba inaamuliwa na kamati ya sera ya fedha ya benki hiyo. Tangu Januari 2024 inatangaza kitu kinachoitwa Riba ya Benki Kuu: ilianza asilimia 5.5, Aprili mwaka huo ikawa 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Hiyo ndiyo inayoongoza bei ya pesa ambazo benki zenyewe zinakopeshana. Ikipanda, mkopo unakuwa mzito na watu wanapunguza kununua. Ikishuka, kinyume chake.

Wengi wetu hatukopi benki, na hapo ndipo habari ya asilimia 5.75 inapoonekana kama ndoto ya mtu mwingine. Tunakopa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali. Mwaka mmoja mtoto alilazwa ghafla nami nikachukua 100,000 kwa wiki nne, kurejesha 130,000. Riba ya asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Kila Jumatatu kijana wa mkopo alikuja na daftari lake, akisimama mlangoni bila kukaa, na majirani wote walijua amefuata nini. Aliponiacha, nilikuwa nimeuza redio. Hakuna mfumuko wa bei wa Tanzania ninaoukumbuka ulioniumiza kama ile 30,000.

Vilevile amri ya bei haitoshi. Mwanzoni mwa 2024 mvua kubwa zilivuruga uzalishaji wa sukari, Bodi ya Sukari ikatangaza bei kikomo kwa kila kanda, na bado madukani tuliambiwa "imeisha" na mtu aliyeiuza gizani kwa bei yake. Ahueni ilikuja sukari ilipoingia kutoka nje na viwanda viliporudi kazini. Bei inatii mzigo zaidi ya inavyotii tangazo.

Mstari wa nne

Wiki iliyofuata nilirudi Mwaloni kukiwa na giza zuri la kuvulia, mzigo ulikuwa mwingi. Nilimwamkia mama wa dagaa, nikamwomba kipande cha boksi na kalamu, tukaiandika bei ya sado yake pamoja, yeye akitaja mimi nikiandika. Mstari wa kwanza, mwezi na ziwa. Wa pili, petroli ya boti: soko la dunia, na ndani yake tozo iliyopitishwa na wabunge Juni. Wa tatu, mkopo wake wa mtaji, anaoulipa kila wiki kwa mtu mwenye daftari. Wa nne, ushuru wa mzigo unaokusanywa kila siku. Wa tano, gari la kupeleka Shinyanga.

Tulipofika wa tatu nilimweleza kwamba halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Wanawake wanaomba kwa kikundi. Alisikia habari hiyo lakini alidhani ni pesa za rais, za wenye chama. Nikamwambia sehemu ya pesa hizo inatoka kwenye ushuru wake mwenyewe, ule wa mstari wa nne, na kwamba kiwango cha ushuru kinapitishwa na baraza la madiwani kwa sheria ndogo.

Akanyamaza. Akaweka kidole chenye magamba ya dagaa juu ya mstari ule.

"Huu wa nne siyo wa Ikulu?"

"Siyo, mama."

"Diwani wetu anapita hapa kila Jumamosi kununua sato." Akalikunja boksi mara mbili, akalitia kwenye kibindo pamoja na chenji. "Vikao vyao vinakaa lini?"